Mzigo wa Ngamia, Mzigo wa Unix
Hapa Tarbaj mfugaji akihama, aqal nzima, nyumba yake ya kuhamishika, hupanda juu ya ngamia: fito zilizopindwa, mikeka, vyombo vya maziwa vilivyosukwa. Hakuna auziwaye mikeka kando.

Unix, mfumo endeshi wa kompyuta uliozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, ulikuja kufunguliwa mizigo. SunOS, Unix ya kampuni ya Sun, ilikuwa na kompaila ya lugha ya C, yaani kigeuza msimbo kuwa programu, ndani yake. Mrithi wake, Solaris 2, mwaka 1992, ikaiondoa ili iuzwe peke yake. Wateja walinung'unika, na haki yao. Wengi wakakimbilia GCC, kompaila ya bure. Lakini Solaris 10 ya 2005 ilirudi imenenepa, mizigo mingi ikiwa ndani yake tena.

Simu yako ya Android hutumia kiini cha Linux, kilichofuata umbo la Unix. Fungua mipangilio uone mfumo umekula nafasi kiasi gani.