Gari la Boliti Nne

Mbio za magari zilizoandaliwa Afrika Mashariki mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth hazikuyapanga magari kwa ukubwa wa injini, kama ilivyozoeleka Ulaya. Ziliyapanga kwa bei ya dukani. Gari la bei ndogo lilipimwa na wenzake wa bei ndogo, lakini barabara ilikuwa ileile kwa wote: vumbi, matope na mawe ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mbio hizo ziliitwa Coronation Safari, na baadaye zikajulikana kwa jina la Safari Rally. Mwaka 1954 ushindi wa jumla ulikwenda kwa Vic Preston na D. P. Marwaha, waliokuwa na Volkswagen Beetle, gari dogo lenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Gus Hofmann na Arthur Burton wakashinda nalo tena mwaka 1957. Mwaka 1962, umbo lake likiwa limeshazeeka, Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wakalifikisha kileleni mara ya tatu.

Kasi haikuwa sababu, kwa kuwa injini ya 1954 ilitoa nguvu za farasi 30 tu. Ila injini hiyo hupozwa kwa hewa ya feni, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe wala maji ya kuchemka mlimani. Uzito wake umekaa juu ya magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, kwa hiyo penye utelezi matairi hukamata ardhi. Chini ya gari ni bati tambarare linalopita juu ya tope bila kunasa. Sifa zote hizo zilizaliwa na bei. Na bei hiyohiyo ndiyo inayomwezesha leo mtu asiye fundi kulifufua gari hili uani kwake, jioni baada ya kazi.

Mwaka 1934, kwa msukumo wa serikali ya Hitler, mhandisi Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kubuni gari la watu wa kawaida, lisilozidi mark 1,000. Bei ikatangazwa kuwa mark 990, na wafanyakazi wakatakiwa kuweka akiba kwa kununua stempu za mark 5 kila wiki. Zaidi ya watu 330,000 waliweka akiba hiyo. Hakuna hata mmoja aliyepata gari. Vita vilipoanza kiwanda cha gari hilo kiligeuzwa cha kijeshi, na humo walifanyishwa kazi kwa nguvu mateka na wafungwa kutoka nchi zilizovamiwa. Anayelipenda gari hili ni vyema aijue na habari hiyo, maana rangi mpya haiwezi kuifunika. Wale wenye stempu walipigania haki yao mahakamani kwa miaka mingi, hadi mwaka 1961 wakakubaliana na kampuni: mark 600 zipunguzwe kwenye bei ya gari jipya, au wapewe mark 100 mkononi.

Kiwanda chenyewe kilinusurika chupuchupu. Agosti 1945 alifika hapo Meja Ivan Hirst, mhandisi wa jeshi la Uingereza, akakuta majengo yaliyopigwa mabomu na mashine ambazo bado zingeweza kufanya kazi. Wenye viwanda vya magari vya kwao hawakuona thamani yoyote katika gari lile. Yeye alitengenezesha moja, akawaonyesha wakubwa zake, na jeshi likaagiza magari 20,000. Mwaka 1948 uongozi ulikabidhiwa Heinrich Nordhoff, na huyu ndiye ninayeona kwamba wapenzi wa magari ya zamani wanamdai shukrani zaidi. Wakati makampuni ya Marekani yakibadilisha umbo kila mwaka ili mnunuzi alione gari lake limepitwa, yeye alikataa. Aliboresha vitu vya ndani, kimoja kimoja, na umbo akaliacha. Matokeo yake ni kwamba spea nyingi za gari la mwaka mmoja huingia kwenye gari la miaka kadhaa nyuma au mbele. Gari la milioni moja lilitoka mwaka 1955. Februari 1972 lilitoka la 15,007,034, likavunja rekodi ya Ford Model T. Utengenezaji ulikoma Puebla, Meksiko, Julai 2003, magari 21,529,464 yakiwa yameshatengenezwa.

Ufundi wa nyumbani nao una historia yake. Mwaka 1969, huko Santa Fe, Marekani, mhandisi John Muir alichapisha kitabu cha kumwelekeza mtu ambaye hajawahi kushika spana jinsi ya kuihudumia Volkswagen yake, hatua kwa hatua, kwa michoro ya Peter Aschwanden. Kitabu hicho kiliwatoa wengi gereji na kuwarudisha nyumbani. Kwetu elimu hiyo haikupitia vitabuni. Ilipita kwa mafundi wa jua kali na vijana waliowashikia tochi. Baadaye soko lilipofunguliwa na magari yaliyotumika ya Japani yakamiminika, Volkswagen zikawekwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, na vijana wale wakajifunza magari mengine. Wanaozifufua leo, kwa hiyo, wanafufua na ujuzi uliokuwa unakwenda kaburini pamoja na wenyewe, na hilo kwangu lina uzito kuliko gari lenyewe.

Kushusha injini ya Beetle si jambo la kuogofya. Imeshikwa na boliti nne tu, na spana ya 17 inazifungua zote. Chomoa betri, ziba mpira wa petroli, toa waya wa aksileta, nyaya za umeme na mabomba ya hewa ya moto, weka jeki chini, ivute injini nyuma, kisha ishushe taratibu. Watu wawili wanatosha.

Lakini hata kabla ya kuishusha, ipo kazi inayomfundisha mtu gari zima: kurekebisha valvu. Injini sharti iwe baridi kabisa, iliyolala usiku kucha. Kila upande una kifuniko kimoja kilichobanwa kwa waya mnene, unaoushusha kwa bisibisi. Injini inazungushwa kwa mkono, spana ya 21 ikiwa kwenye nati ya puli ya dainamo. Ukianzia silinda ya kwanza, unairudisha puli kubwa ya chini kinyumenyume nusu mzunguko kila mara, na silinda zinafuatana moja, mbili, tatu, nne. Kibati cha kupimia cha milimita 0.15, kwa injini za miaka ya mwisho, kipite kwa kukwaruza kidogo. Valvu iliyolegea hupiga kelele lakini haidhuru haraka. Iliyobana huwa kimya, na ndiyo inayoungua. Itazame zaidi ya silinda ya tatu, kwa kuwa kwenye injini za kabla ya mwaka 1971 kipoza oili kimekaa katika njia ya hewa yake, nayo huchemka kuliko wenzake.

Wengi huanza na rangi. Nawaelewa, maana rangi ndiyo majirani wanayoiona, lakini ni kuanza mwishoni. Kabla ya rangi kuna mpira wa petroli. Pampu ya gari hili iko jirani na distribyuta, na mpira uliokauka ukivuja hapo, cheche moja inatosha. Bloku ya injini ni ya aloi ya magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto maji huuchochea. Mpira mpya na vibana vipya ni gharama ndogo sana ukilinganisha na gari lililoteketea.

Adui mwingine ni kutu, hasa kwa magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, karibu na hewa ya chumvi. Chini ya kila mlango kuna mhimili wa bati wenye uwazi ndani, unaopeleka hewa ya moto mbele na wakati huohuo kuibeba bodi. Ukioza, bodi inakosa mfupa. Anayeukata bila kwanza kuchomelea vyuma vya muda kwenye uwazi wa mlango ataona bodi ikijikunja, na mlango hautafunga tena.

Kwa hiyo anayekwenda kununua gari la kuanzia asivutwe na injini inayounguruma vizuri. Ainue kiti cha nyuma, atazame bati chini ya betri, maana tindikali hulila hapo polepole bila mtu kujua. Kisha alale chini na nyundo ndogo, agonge mihimili yote miwili kuanzia mbele hadi nyuma. Mlio mkavu ni wa bati zima. Mlio mzito ni wa pati iliyojazwa juu ya kutu. Injini iliyokwama ni sababu ya kupunguziwa bei na kununua. Mihimili iliyoliwa pande zote mbili, kwa mtu ambaye hajawahi kuchomelea, ni sababu ya kumshukuru mwenye gari na kwenda kutazama lingine.