Vinasaba: istilahi yenye ukoo ndani yake

Mwambie mzazi wa Dar es Salaam kwamba mwanawe atafanyiwa kipimo cha vinasaba, na huenda akakuuliza: "Kwani kuna aliyemkana?" Swali lake lina msingi. Magazetini na redioni, vinasaba vimezoeleka kwa habari za baba anayekataa mtoto na majibu yanayosubiriwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Istilahi yenyewe inachangia. Imejengwa juu ya nasaba, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya ukoo au mfululizo wa kizazi. Kiambishi ki-, kwa wingi vi-, kinadokeza udogo: kinasaba ni kitu kidogo kinachopitisha urithi. Wengine husema jeni. Kitaalamu, jeni ni kipande kimoja cha maelekezo ya mwili, na DNA ni molekuli inayoyabeba. Vinasaba hutumika kwa yote mawili. Ufupi huo unamfaa mwandishi wa habari, lakini unamtatiza muuguzi anayetakiwa kueleza ni nini hasa kimepimwa.

Tuchukue selimundu, ugonjwa wa kurithi ambapo seli nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu. Chanzo chake ni badiliko dogo katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu namba 11. Anayerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili huandikwa SS, naye ni mgonjwa. Anayeirithi kwa mmoja huandikwa AS; S ni jeni ya selimundu, A ni ya kawaida. Wazazi wawili wa AS, katika kila mimba, wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto wa SS. Mara nyingi maabara haisomi DNA kabisa. Hutenganisha kwa umeme aina za himoglobini, protini ya seli nyekundu ambayo jeni hiyo huielekeza. Hata hivyo, jibu linalotoka ni la urithi, na linawagusa ndugu wote.

Hapa ndipo mafunzo endelevu ya watoa huduma yanapohitajika. Tabibu aliyehitimu zamani anaweza kuridhika na kipimo cha haraka cha kuyeyusha himoglobini, kumbe hakitenganishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga, ambaye bado ana himoglobini nyingi ya kipindi cha tumboni mwa mama, kinaweza kukosea. Akumbushwe pia kuuliza kama mtoto ameongezewa damu karibuni, kwa kuwa damu ya mchangiaji huvuruga majibu.

Gumu zaidi ni pale mtoto anapoonekana SS na baba anaonekana hana S. Asiyefunzwa hukimbilia nasaba na kuhukumu ndoa ya watu kwa karatasi moja. Aliyefunzwa anajua kwamba sampuli zinaweza kubadilishana majina, na kwamba baba anaweza kuwa na jeni ya talasemia, tatizo jingine la kurithi la himoglobini. Mtoto aliyerithi S kwa mama na talasemia kwa baba anaweza kufanana na SS kwenye kipimo. Atarudia vipimo, na wakati huo ataufunga mdomo.

Neno jingine la kuangaliwa ni mbebaji, jina la kitaalamu la mtu wa AS. Masikioni mwa wengi, mbebaji ni mtu anayesambaza maambukizi. Selimundu haiambukizi, na kwa kawaida mwenye AS haumwi. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba hali ya AS humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea zaidi penye malaria nyingi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kuliko nyanda za juu zenye baridi.

Sipendekezi tuitupe istilahi ya vinasaba; imeshaota mizizi, na mantiki yake ni safi. Ibaki kwenye fomu na vitabuni. Mbele ya mzazi, muuguzi aanze na kusudi la kipimo: "Mama, tunaangalia kama mtoto amerithi selimundu. Hatutafuti baba ni nani." Mwenye AS aambiwe kuwa amerithi jeni moja ya selimundu, kisha aelezwe maana yake siku atakapotaka kuzaa. Sentensi hizo zifanyiwe mazoezi darasani kama uchomaji sindano unavyofanyiwa, na mtihani wa mwisho wa mafunzo uzipe alama zake.