Urefu wa Njia Ndiyo Bei ya Gunia

Karani wa sensa akifika kijijini huuliza: mko wangapi? Ni swali jema. Lakini kwa kijiji cha Ufipa liko swali jingine ambalo karani hakutumwa kuliuliza: gunia la mahindi likitoka hapa, linafika sokoni kwa gharama gani? Juma hili nasema kwamba hili la pili ndilo lililoamua maisha ya mkulima wa Rukwa.

Ufipa ni nchi ya juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na pande zote mbili ardhi huporomoka ghafla. Chakula hakikuwa shida. Mfipa alifukia majani katika matuta makubwa, yakaoza, akapata mbolea bila duka, akavuna ulezi. Alichokosa ni njia. Wajerumani walijenga boma Bismarckburg, ndiyo Kasanga, wakalifanya ziwa kuwa barabara yao. Meli yao, Graf von Götzen, iliyoingia majini Kigoma mwaka 1915, waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Lakini meli humfaa aliye ufukweni. Wa huku juu alipaswa kwanza kuuteremsha mzigo wake mlimani.

Reli nazo zilipita mbali. Moja iliishia Mpanda, kaskazini. Nyingine, TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilipitia Tunduma, kilomita zaidi ya 220 kutoka Sumbawanga.

Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, watu walipohamishwa na kukusanywa pamoja, mara nyingi kandokando ya barabara. Katika miaka hiyo hiyo Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Aliye Morogoro na aliye Ufipa wakalipwa sawa, nayo gharama ya lori ikabebwa na Taifa. Mkulima wa mbali akalima kwa nguvu, hata Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi.

Mzigo huo uliielemea hazina. Mageuzi ya miaka ya 1980 yakaiondoa bei moja, akaja mfanyabiashara binafsi. Huyu hana hesabu ngumu: huchukua bei ya mjini, hutoa nauli ya lori, kinachobaki humpa mkulima. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkulima alikuwa yule yule na jembe lile lile. Kilichobadilika ni nani anayelipia njia.

Mwaka 2008 Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Changamoto za Milenia, na ndani yake ilikuwamo lami ya Tunduma hadi Sumbawanga. Leo lori halisumbuki tena na tope la njia hiyo. Watu nao wameongezeka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Rukwa watu milioni moja na kidogo, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni moja na nusu.

Je, tumefika? La hasha. Lami inampokea anayekaa Mazwi, mjini Sumbawanga. Kijiji kilichoko ndani, mvua zikinyesha na kijito kikajaa, bado kiko mbali kama zamani, na mnunuzi anayethubutu kufika huko hutaja bei yake mwenyewe. Idadi ya watu hutuambia shule ngapi na visima vingapi vinahitajika. Haituambii kwa nini mwenye ghala lililojaa hana ada ya mtoto. Basi tunapopanga mafungu, tuihesabu pia njia ya kutoka shambani hadi lami, kwa maana hapo ndipo jasho la mkulima linapopungukia.