Vumbi Litokalo Mbinguni

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza habari za vumbi. Si vumbi la njiani, bali lile litokalo mbali katika anga, huko zinakozunguka sayari na nyota zenye mkia. Huenda mtu akasema, “Vumbi ni vumbi tu, lina habari gani?” Basi na asikilize kidogo, maana wataalamu wamelichunguza vumbi hili kwa muda wa zaidi ya miaka 300, na kazi yao haijaisha.

Tuanze na jambo ambalo watu wa pwani yetu walijua tangu zamani. Kabla ya mapambazuko, mahali pasipo taa wala mbalamwezi, huonekana upande wa mashariki mwanga hafifu uliosimama kama nguzo, mpana chini na mwembamba juu. Hufuata mwanga wa pili, uliotanda kandokando ya upeo wa macho. Huu wa pili ndio alfajiri ya kweli. Ule wa kwanza huitwa alfajiri ya uongo, na Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa mwitu. Waislamu walijifunza kuzipambanua alfajiri hizi mbili, kwa kuwa sala na saumu hufuata ile ya kweli, na mtu asiyezijua aweza kusali kabla ya wakati. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta nguzo hiyo huonekana vizuri kuliko katika nchi za kaskazini, kwa sababu huku husimama karibu wima.

Lakini mwanga huo watoka wapi? Mwaka wa 1683 Giovanni Domenico Cassini, mtaalamu wa nyota aliyekuwa Paris, alianza kuuchunguza, na Nicolas Fatio de Duillier akamsaidia. Wakaona kwamba haukosi kuifuata njia ile ile ya sayari mbinguni. Wakasema kwamba kuna vitu vidogo visivyohesabika vinavyolizunguka jua, navyo hurudisha nuru yake kama vumbi lielealo katika mwali wa jua upenyao dirishani. Walisema kweli, ila hakuna aliyekuwa amelishika vumbi hilo mkononi.

Hata habari za mawe ya mbinguni wenye elimu wengi walikuwa wakizikataa. Hawakuamini mpaka mwaka wa 1803, mawe kama 3,000 yalipoanguka mchana karibu na mji wa L’Aigle, Ufaransa, na Jean-Baptiste Biot akatumwa kwenda kuwauliza wenyeji walioona. Wanakijiji hao walisema kweli, na wenye elimu wakawa ndio wa kufundishwa.

Basi vumbi lenyewe likapatikana mahali ambapo hapana mtu angalilitafuta, yaani chini kabisa ya bahari. Kati ya mwaka wa 1872 na 1876 merikebu ya Waingereza iitwayo Challenger ilisafiri duniani kote ikipima vina vya bahari na kuvuta matope ya chini. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwamo John Murray. Katika vilindi vilivyo mbali na nchi kavu alipata udongo mwekundu, ambao hukusanyika polepole mno, hata miaka 1,000 hupita usipate milimita chache. Akatia sumaku ndani ya udongo ule, nayo ikatoka imeshika vitufe vyeusi vinavyong’aa, vidogo kama nukta ya kalamu. Vingine vilikuwa na moyo wa chuma kilichochanganyika na nikeli, mchanganyiko ule ule ulio katika kimondo kikubwa cha Mbozi, kusini-magharibi ya Tanzania.

Kwa nini huko vilindini? Karibu na pwani mito huleta matope mengi, na vumbi la mbinguni hupotea ndani yake kama chembe ya chumvi katika gunia la mchanga. Huko mbali hakuna mto ufikao, kwa hiyo kidogo kinachoanguka hubaki kikionekana.

Wengine walishuku, maana volkano na tanuri za viwanda nazo hutoa vitufe vidogo. Tena walijua kwamba kimondo huwaka kwa kusuguana na hewa. Punje ndogo ingewezaje kufika chini nzima? Mwaka wa 1950 Fred Whipple, Mmarekani, alijibu swali hili. Alionyesha kwamba punje ndogo sana ina uso mkubwa ukilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo huutoa joto wake upesi, ikashuka bila kuyeyuka.

Tangu mwaka wa 1974 Donald Brownlee na wenzake waliyakamata mavumbi hayo kwa ndege zirukazo kilomita 20 juu, wakitumia vibamba vilivyopakwa mafuta mazito. Mwaka wa 2004 chombo cha Marekani kiitwacho Stardust kilipita karibu na nyota yenye mkia iitwayo Wild 2, kikanasa vumbi lake, na mwaka wa 2006 kikalirudisha duniani. Ndipo wataalamu wakastaajabu: ndani ya nyota iliyoumbwa penye baridi kali mliwamo punje zilizoumbwa penye joto kuu, karibu na jua. Mwaka wa 2009 wakatangaza kwamba wamepata pia glisini, mojawapo ya vitu vinavyojenga protini za viumbe vyote.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya wenye ndege tu. Jon Larsen, mpiga muziki wa Norwei, alikusanya takataka za mifereji ya mapaa mijini, akazichambua kwa sumaku na hadubini. Watu walimwambia kwamba mjini haiwezekani. Lakini mwaka wa 2017 yeye na Matthew Genge wa London walitangaza punje 500 za vumbi la mbinguni.

Kila mwaka tani kama 5,200 za vumbi hilo hufika juu ya dunia, baharini na mashambani, hata juu ya bati la shule ya kijijini. Waliolijua ni wale waliotazama kwa makini: waliongoja alfajiri, waliotia sumaku topeni, na waliozoa taka za paa. Nasi tuwafunze watoto wetu wasikidharau kitu kwa sababu ya udogo wake.