Majina ya Vyakula vya Sikukuu kama Ushahidi wa Historia Nchini Kenya

Kila ifikapo tarehe 12 Desemba, siku ambayo Kenya ilijipatia uhuru mwaka 1963 na kuwa jamhuri mwaka uliofuata, nyumba nyingi nchini huandaa vyakula ambavyo wenyewe huviita vya jadi. Bara hupondwa irio, huchemshwa githeri na husongwa ugali wa kulia nyama. Pwani, na siku hizi hata bara, hupikwa pilau. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina ya vyakula hivyo, yakichunguzwa kwa makini, yanasimulia historia iliyo tofauti na ile inayodhaniwa na walaji, na kwamba sehemu ya historia hiyo imo hatarini kupotea pamoja na msamiati wake.

Pilau haina haja ya kutuchelewesha, kwani ugeni wake unajulikana. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, kama yalivyo biriani na sambusa. Hata hivyo, ugeni wa neno si lazima uwe ugeni wa ulaji. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha nyama, kuku, samaki na mboga; kando yake ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Yaani sinia ya karamu ya pwani ilikwisha kuwa na sura yake kabla Mreno yeyote hajauona mwambao huu.

Neno wali ndilo lenye mafunzo zaidi. Mgiriama husema wari kwa kile ambacho mtu wa Mombasa hukiita sima na mtu wa bara hukiita ugali. Ulinganifu wa sauti kati ya wari na wali ni wa kawaida katika lugha hizi mbili ndugu, na hapana shaka kwamba ni neno moja. Tofauti imo katika sufuria: kwa Mgiriama neno limebaki na unga uliosongwa, ilhali kwa Mswahili limehamia kwenye mchele. Nafaka imebadilika, jina likadumu.

Kwa mahindi mambo yalikwenda kinyume: nafaka ngeni ilipewa jina jipya, na jina hilo likapotosha. Mmea huu ulianzia Mexico, na aghalabu huaminiwa kwamba uliletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Lakini watu wa pwani, waliozoea kuona vitu vipya vikishushwa kutoka majahazi ya mashariki, waliunasibisha na Uhindi. (Wasichekwe kwa hilo, Waitaliano nao waliita mahindi nafaka ya Kituruki.) Kwa muda mrefu mahindi yalikuwa zao la pembeni tu. Ugali wenyewe ulikuwa wa mtama, mawele au wimbi, na ndiyo sababu Mjaluo hadi leo hulazimika kusema kuon bel, yaani ugali wa mtama, akitaka kueleweka. Kivumishi kimehitajika kwa kile ambacho zamani hakikuhitaji kivumishi.

Ni lini basi mahindi yalipotawala? Jibu limo katika neno posho. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa mgao aliopewa mpagazi, aghalabu kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kununulia chakula njiani. Halikuwa jina la chakula chochote maalumu. Serikali ya kikoloni na walowezi waliurithi utaratibu huo, wakaufunga kwenye unga wa mahindi meupe, kwa kuwa ulikuwa rahisi kununua, kupima na kusafirisha. Wakati wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, vijana waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, yaani wale wa Kariakoo, walilishwa unga huo. Wengi wao walikuwa wamezoea ndizi, mtama au wimbi. Unga ukawa wa chenga na kupikwa nusunusu, na maradhi ya tumbo yakawaua watu wengi. Waliorudi, kama walivyorudi vibarua wa mashambani na wa reli, walirudi na mazoea ya chakula hicho. Ndipo maana ya neno ilipohama: nchini Uganda posho ikawa ugali wenyewe, Kenya kukawa na kinu cha posho, na Tanzania neno likashika njia nyingine hadi kwenye fedha za vikao. Ugali mweupe wa sikukuu ya uhuru, kwa hiyo, umepitia mkononi mwa mnyapara. Mbegu chotara iliyotolewa Kitale mwaka 1964, mwaka uleule wa jamhuri, ilikamilisha kazi hiyo.

Irio na githeri zinathibitisha jambo hilo kwa namna yake. Irio kwa Kigikuyu ni chakula tu, kutokana na kitenzi cha kula. Jina lisilofungamana na mmea wowote liliweza kuyapokea mahindi, na baadaye viazi vya Kizungu, bila kutikisika. Njahi, iliyotangulia maharagwe katika vyungu vya huko, imebaki zaidi chakula cha mzazi na cha sherehe.

Sababu nyingine ya ushindi wa mahindi haina budi kutajwa, nayo inamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Hindi hujifunika kwa maganda. Suke la mtama na la wimbi liko wazi kwa ndege. Shamba la mtama lilitaka watoto wa kuamia tangu alfajiri, juu ya dungu, na watoto hao walipokwenda shule mkulima alichagua nafaka inayojilinda. Basi vikaanza kufifia kuamia na dungu, maneno ambayo wanafunzi wengi wa leo huyakuta katika kamusi peke yake. Mtu anayenunua unga wa pakiti hana haja ya kutofautisha kupeta na kupepeta, wala pumba na wishwa.

Juhudi za kuhifadhi hazikukosekana. Mradi wa kuorodhesha vyakula vya asili nchini ulianza mwaka 2007, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza katika rejesta yake ya mifano bora ya uhifadhi. Orodha za namna hiyo hushughulikia zaidi mimea na mapishi. Vitenzi vya shambani na vya kinuni vingali vinywani mwa wazee, hasa Kitui na Tharaka ambako mtama na mawele bado hupandwa, na mkusanyaji wa msamiati atakayekwenda huko afadhali aende wakati masuke yanapoiva, ndege wanaposhuka.