Somo la Hesabu: Mtu Aliyehesabu Mchanga

Somo letu la leo ni habari za hesabu kubwa. Sisi husema kwamba watu ni wengi kama mchanga wa pwani, maana yake hawahesabiki. Je, ni kweli kwamba mchanga hauhesabiki?

Zamani sana alikuwako Myunani mmoja, jina lake Archimedes, mwenyeji wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily. Alimwandikia mfalme Gelon kitabu kidogo, akamwonyesha kwamba mchanga una hesabu yake, hata kama ungejaza mbingu yote mpaka kwenye nyota.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Wayunani waliandika hesabu kwa herufi, na jina la hesabu kubwa kuliko yote walilokuwa nalo lilikuwa la 10,000. Basi, Archimedes alifanyaje? Alichukua 10,000 mara 10,000, akapata 100,000,000. Hiyo akaifanya kuwa moja mpya, akaanza kuhesabu tena kutoka hapo. Kisha alikadiria kwamba nafasi ya mbegu moja ya mpopi, ambayo ni ndogo sana, haizidi punje 10,000 za mchanga. Kutoka mbegu akaenda upana wa kidole, kutoka kidole akaenda uwanja wa mbio, mpaka akafika mbinguni. Jibu lake, kwa maandishi ya leo, halizidi 1 ikifuatwa na sifuri 63.

Archimedes aliuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, Warumi walipouteka mji wake. Kitabu chake kipo mpaka leo.

Tarakimu zetu, pamoja na sifuri, zilitoka Bara Hindi zikapitia kwa Waarabu. Neno lenyewe "sifuri" ni la Kiarabu. Lakini kuandika sifuri 63 kwachosha mkono. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapa kitabu ambamo aliandika tarakimu ndogo juu, upande wa kuume. Tarakimu hiyo twaiita kipeo. Tazameni:

10 x 10 = 100 = 10²
10 x 10 x 10 = 1,000 = 10³
Milioni moja = 10⁶

Mchanga wa Archimedes ni 10⁶³. Kutoka duniani mpaka kwenye jua ni kadiri ya kilomita 150,000,000. Twaandika 1.5 x 10⁸, yaani sogeza nukta nafasi 8 kwenda kuume.

Pengine mtasema, "Sisi hatuhesabu mchanga wala nyota." Kweli, lakini ajuaye kuhesabu sifuri hadanganyiki upesi. Sifuri moja ikiongezwa katika hati ya deni, shilingi 300 huwa 3,000, nawe utalipa mara kumi. Basi kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, zihesabu sifuri.

Zoezi: Andikeni kwa njia fupi milioni kumi, kisha 4,000,000. Majibu tutayasahihisha katika somo lijalo. Kwa herini.