Hesabu za Ardhi Yetu

Kila mwaka vitabu vya hesabu vya chama hukaguliwa, hata pasipokuwa na shaka juu ya mtu yeyote. Upungufu mdogo ukionekana mapema huzibika; ukifichika, chama huanguka. Ardhi nayo ina hesabu zake. Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, yafaa tuwakumbuke waliotangulia kuikagua ardhi ya nyanda za kati.

Kazi hiyo ilifanywa Mpwapwa katika miaka ya 1930. Mtaalamu R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko usio mkali. Kimoja kiliachwa kitupu, kingine kikalimwa, kingine kikaachiwa majani, na kingine kichaka. Maji na udongo ulioteremka vilikingwa, vikapimwa. Kipande kitupu kilipoteza kiasi cha nusu ya mvua yote, na udongo upatao tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Kilicholimwa kilipoteza tani 78 hivi. Penye majani na penye kichaka, udongo haukuondoka.

Tangu mwaka 1968, wataalamu wa Dar es Salaam na wa Uppsala, nchini Sweden, wakiongozwa na Anders Rapp, walipima tope katika malambo ya Ikowa, Msalatu na Matumbulu. Walilinganisha kina walichokikuta na kile cha wakati wa ujenzi. Ilidhihirika kwamba baadhi ya malambo hayo yangejaa tope katika muda wa miongo michache tu. Mkulima aliyelitazama lambo aliona maji. Kipimo kilionyesha shamba lake likiwa chini ya maji hayo.

Tope lisilokwama lambóni huendelea na safari. Maji ya Ikowa huelekea Kinyasungwe, na maji ya Kinyasungwe huingia Wami, hata Bahari ya Hindi. Huko pwani matumbawe, yaliyo makao ya samaki, hudhurika yakifunikwa na tope. Wataalamu wa bahari nao huyakagua kwa kuhesabu yaliyo hai na yaliyokufa; ndivyo walivyoujua ukubwa wa hasara ya mwaka 1998, joto la bahari lilipoyaua mengi.

Huku kwetu, Kondoa ilikuwa imekwisha kuchimbika makorongo makubwa. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Matuta yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini hayo hayakutosha. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yalirudi na udongo ukatulia. Hata hivyo wafugaji walikosa maziwa na samadi, na wengine walilazimika kupeleka ng'ombe wao mbali. Ilikuwa mwaka 1989 ndipo ufugaji wa ng'ombe wa kulishwa zizini ulipoanza kuingizwa.

Hapana shaka dawa ile iliponya, lakini ilikuwa chungu kwa kuwa ugonjwa uliachwa ukakomaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kila mwanachama apige mambo kandokando ya korongo lililo karibu na shamba lake, na kila baada ya masika atazame limesogea kiasi gani, aandike. Viongozi wa vyama vya msingi nao waulize habari hizo mkutanoni, kama waulizavyo habari za fedha.